Bega Chini ya Shati

Zulia jekundu lilitandikwa kutoka getini mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na choo cha wagonjwa hakikuwa na maji. Gati aliyaona yote mawili alipofika kazini asubuhi, akasonya. Tabia hiyo ya kusonya mama yake aliikemea tangu utotoni kule Mugango, akachoka mwenyewe. Na siku hiyo mtu asiposonya asonye lini? Hospitali nzima ilikuwa imekaa mkao wa harusi, na bwana harusi ni mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa zawadi ya wafadhili. Kamera mbili juu ya nguzo, kompyuta moja, na vijipira vidogo vya kung'aa ambavyo anabandikwa mgonjwa begani na mkononi. Mgonjwa akiinua mkono, kamera inavifuata vijipira, na kompyuta inachora mifupa inavyotembea ndani: wapi bega linakwama, wapi linasagana, wapi limekwisha kabisa. Hapo ndipo unapangwa mpango wa bega la chuma, likae kwa pembe gani. Siku ya upasuaji kamera hiyohiyo inauongoza mkono wa daktari, asiende kwa kukisia. Ni kitu kizuri, Gati hakuwahi kulikataa hilo. Alipelekwa Dar es Salaam kujifunza, na pale Musoma hapakuwa na mwingine wa kuiendesha. Ila kitu kizuri kikiangukia mikononi mwa watu wa maonyesho, hakichukui muda kuanza kunuka.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa baba mkwe wake. Mzee Mniko, mfugaji wa Kiabakari, aliangushwa na pikipiki akitoka mnadani Bunda, bega la kulia likasagika, na tangu hapo mkono haukupanda hata kufika kifuani. Aliyempendekeza ni mwanawe Hezron, mume wa Gati, ambaye ndiye afisa uhusiano wa hospitali hiyo. Hezron aliiona picha nzima kabla ya mtu yeyote: baba mgonjwa, mke mtaalamu, yeye msemaji. Akaiandika kwenye bango la kitambaa, "Familia Moja, Teknolojia Moja", akalitundika getini. Gati alipolisoma alisonya, akapita.

Sasa kama wewe si wa Mara, elewa jambo moja. Kwa Wakurya, baba mkwe na mkamwana hawazoeani. Hawashikani mikono, hawakai benchi moja, na mzee kuonekana kifua wazi mbele ya mke wa mwanawe ni mwiko, labda awe maiti. Wanaiita ensoni. Ni haya, lakini haya yenye meno, kwa maana ukiivunja kuna mbuzi wa kuchinjwa na maneno ya kusemwa. Gati alizaliwa ziwani kwenye mitumbwi na dagaa, lakini aliolewa huko na aliiheshimu. Mzee akija Musoma alikaa chumba cha uani. Gati alimwekea ugali na sato juu ya kigoda, akarudi nyuma, akamwamkia kutoka mlangoni, na kila mmoja akabaki na heshima yake.

Wiki moja kabla ya hilo zulia, mzee aliletwa kupimwa. Aliingia amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na alinukia manukato hadi Gati akapiga chafya. Mzee Mniko na manukato wapi na wapi, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa ananukia ng'ombe na ugoro? Gati akadhani ni Hezron amempulizia kwa ajili ya wapiga picha, akacheka kimoyomoyo.

"Mwambie baba vijipira vinabandikwa kwenye ngozi," alimwambia Hezron, maana hakupenda kumwambia mzee mwenyewe avue. "Avue shati, mimi nitasimama nyuma ya kompyuta."

Mzee akasikia, akaangalia ukutani. "Shati sivui," akasema.

"Basi bandika juu ya shati," Hezron akasema.

"Shati linatembea lenyewe, Hezron. Litadanganya."

Walipokuwa wanabishana akaingia Daktari Apolinary, mganga mkuu wa hospitali, mtu wa tumbo mbele na kalamu tatu mfukoni. Akauliza kuna nini, akaambiwa ni mila, akasema mila ziheshimiwe, bandika. Gati akabandika juu ya shati kwa ncha za vidole, akiwa amegeuza uso pembeni. Mzee akaambiwa ainue mkono. Aliinama, akajipinda, akauma meno, na mkono ukabaki palepale ulipo. Kilichopanda ni shati. Kwenye kompyuta ukaonekana mkono unaokwenda juu taratibu, laini, wa kijana anayechunga ndama.

"Safi," alisema Daktari Apolinary.

"Daktari, hilo ni shati. Bega halijapanda."

"Gati, takwimu ni takwimu. Siku yenyewe vijipira si vinafungwa kwenye mfupa?"

"Vinafungwa. Lakini mpango wa pembe unatoka kwenye vipimo hivi. Tukianza na uongo, chuma kitakaa kwenye uongo."

"Wageni wameshakata tiketi," akasema daktari, akatoka zake.

Jioni Gati alimbana mume wake jikoni. Akamuuliza, siku ya upasuaji nani ataendesha kamera? Si ni mimi? Na baba atakuwa amelazwa bega wazi mbele yangu. Umemwambia?

Hezron akacheka, mdomo umejaa. "Atakuwa usingizini. Mtu aliyelala haoni, na asiyeona haoni haya. Nimemwambia wewe utakuwaga nje."

Gati alimwangalia anavyotafuna. Kwa hiyo ensoni ya mume wake ilikuwa na swichi. Kwenye kupima ilikuwa nzito, hakuna wa kuigusa, hata mzee aharibiwe vipimo. Kwenye kupigwa picha inazimwa. Alishikwa na kinyaa cha kweli, kile cha kuona nywele kwenye mchuzi wakati umeshakula nusu ya sahani. Akajiambia daktari bingwa akija ataviona vipimo vile, atauliza tu, na hapo itasemwa.

Daktari bingwa alikuja, na kweli aliuliza. Aliitwa Rafaeli, mtu wa Mwanza, mwembamba, amechoka na safari. Asubuhi hiyo ya zulia alisimama mbele ya kompyuta ya Gati, akaangalia ule mkono unaopanda, akaangalia tena.

"Huyu mzee anainua mkono kunishinda mimi. Anataka bega jipya la nini?"

"Ni maumivu, daktari," Apolinary akadakia kabla Gati hajafungua mdomo. "Wazee wetu ni wavumilivu. Tuharakishe kidogo, mgeni rasmi ameshapita Bunda."

Akamshika Rafaeli kiwiko, akamwondoa. Gati akabaki amesimama na neno lake mdomoni, lina ladha ya chuma. Halafu akasonya, akaenda wodini.

Mzee Mniko alikuwa peke yake kitandani, amekaa, bado na shati lake. Hezron alishapanga na manesi kwamba shati litakatwa kwa mkasi mzee akishalala, kisa mila. Manukato yalikuwa yamemwagwa upya. Lakini joto lilikuwa limepanda, dirisha lilifungwa ili pazia jipya lisipeperuke, na chini ya yale manukato kulikuwa na kingine. Gati alisimama mlangoni pake pa siku zote. Mtu aliyekulia Mugango, kwenye vichanja vya samaki, hadanganyiki na harufu ya kilichooza. Inzi wawili walikuwa wanatembea kwenye shati, karibu na kwapa, wala hawakuwa na haraka.

Ndipo akaelewa manukato yalikuwa ya nini, na nani aliyanunua.

Alijua pia maana yake. Bega la chuma likiwekwa karibu na usaha, usaha unahamia kwenye chuma, na hapo dawa haifiki. Mtu anakatwa mkono, akiwa na bahati. Mzee wa umri ule bahati hana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, nakuomba radhi, leo nitasema na wewe mwenyewe. Huko ndani nitakuwepo."

Mzee akageuza kichwa. "Hezron alisema utakaa nje."

"Kamera naendesha mimi. Nitakuona, na wageni watakuona, kuna televisheni kubwa imewekwa ukumbini."

Shavu la mzee lilicheza mara moja tu. Gati alitamani aondoke, aache kila mtu aoze na uongo wake, maana familia hii ilikuwa imemchosha. Hakuondoka.

"Na hicho kinachonuka chini ya shati, baba, daktari anakijua?"

"Anakijua. Hezron alisema amemwambia, watasafisha nikishalala. Akasema nisikisemeseme mbele yako, ni aibu."

"Hajamwambia mtu."

Wakati huohuo wakampita pale mlangoni, wakaingia wote kwa pamoja, Hezron akiwa na suti ya bluu, Daktari Apolinary, Daktari Rafaeli akiwa ameshavaa nguo za upasuaji na glovu, na mpiga picha wa kukodi nyuma yao. Hezron alimwona mke wake, tabasamu likapungua robo.

"Gati, mashine iko kule, huku unafanya nini?"

Mzee akamnyamazisha kwa kiganja cha kushoto. Akamtazama Rafaeli. "Wewe ndiye wa kunipasua?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Uliambiwa nina kidonda?"

"Kidonda gani?"

Mzee Mniko akamwangalia mwanawe kwa muda. Halafu akaanza kufungua vifungo kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, vidole vizito visivyozoea kazi hiyo.

"Baba," Hezron akasema, sauti imeingia ndani, "mke wangu yupo hapa."

"Si ulikuwa unampeleka na huko ndani?"

Gati akageuka aangalie ukuta, miguu ilifanya hivyo yenyewe. Mzee akamwita. "Mama, geuka. Kama ni kuonwa, nionwe nikiwa macho."

Akageuka. Hezron ndiye aliyeupa ukuta uso, na hakuna aliyemsaidia mzee kuvua, wala daktari, wala mpiga picha, maana hakuna aliyejua aguse wapi. Shati lilipofika begani likakwama. Lilikuwa limegandia. Mzee akalivuta, likabanduka na sauti ndogo ya kitu kibichi, na harufu ikajaa chumba chote. Nyuma ya bega kuteremkia kwapani palikuwa pameungua upana wa kiganja, na katikati pameoza. Nyama ilikuwa ya kijivu, kingo za njano, na kipande cha kitenge kilichosokomezwa ndani kimeshakuwa sehemu ya mwili. Usaha ulichuruzika mbavuni bila aibu yoyote. Mpiga picha aliweka mkono mdomoni, akatoka mbio, akasikika akitapika kwenye maua ya mgeni rasmi.

"Nani amekuchoma?" Rafaeli aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini nyusi zilishaungana.

"Ni mimi niliagiza. Sisi, ng'ombe akivimbaga bega tunamchomaga chuma cha moto, anapona. Nikamwambia mchungaji anichome. Kwa ng'ombe inakubaligi. Kwangu ilikataa. Nikamwonyesha huyu mtoto, kabla hata ya kupimwa."

Basi wote wakamtazama Hezron, na Hezron akageuka kutoka ukutani kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, wanasema. Hezron hakuchutama, alianza kueleza. Alieleza kwamba angesema tu jina la kidonda, baba angeondolewa kwenye programu, wangechukua mgonjwa wa Tarime. Kwamba alidhani watasafisha hukohuko ndani, kwani hii si hospitali? Kwamba alifanya kwa kumpenda baba. Alisema hayo yote akirekebisha tai.

Gati alimsikiliza mwanaume aliyelala naye kitanda kimoja wiki nzima, akiyajua haya, akikoroma. Hasira hakuwa nayo, na hilo ndilo lililomtisha. Alimwona kama kitu kilichokwama kwenye soli ya kiatu.

"Hii hatufanyi," Rafaeli akasema. "Chuma kikiingia hapa, mkono unaoza ukiwa mzima. Kidonda kwanza, miezi. Halafu tupime upya, kwenye ngozi, ndipo tuone kama bega jipya linawezekana. Inaweza isiwezekane kabisa, mzee. Sitakudanganya."

"Kudanganywa nimeshiba," mzee akasema.

Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini Daktari Apolinary alikuwa anawaza, ilionekana kwenye kalamu aliyoizungusha vidoleni. Akamvuta Rafaeli pembeni, pembeni ambapo kila mtu alisikia.

"Daktari, sikatai. Lakini wageni wapo ukumbini. Tukimlaza tu? Tukamfunika vizuri, kamera ikawashwa, wewe ukashika vifaa bila kukata. Dakika chache za televisheni, tunamwamsha."

Rafaeli alimtazama mtu huyo juu mpaka chini, kisha akaanza kuvua glovu. Hakutukana. Aliziweka juu ya kitanda kilicho wazi, akasema dawa gani aanzishiwe mzee na kidonda kioshwe sasa hivi, akaondoka kwenda kutafuta gari lake. Apolinary akamfuata akisema kuna chakula, daktari, angalau chakula.

Manesi wote walikuwa wameitwa ukumbini kugawa soda. Gati akaleta beseni, maji ya chumvi aliyochemsha mwenyewe, na pamba. Alisita mbele ya mzee, kwa kuwa kumwona ni kosa moja na kumgusa ni lingine, na la pili ni kubwa zaidi. Mzee akainamisha kichwa, akampa mgongo. Ilikuwa ruhusa.

Akaanza. Kile kitambaa kilitoka kwa vipande, kila kipande na nyama yake, na harufu ilimjia moja kwa moja puani kwa kuwa hakukuwa tena na manukato ya kutosha ya kuificha. Mara mbili alisimama, akameza mate, akarudi. Kutoka ukumbini yakasikika makofi.

Hezron akachungulia mlangoni, amekunja mikono ya shati lake jeupe mpaka juu. Begani kwake kulikuwa na vile vijipira vya kung'aa, amejibandika mwenyewe, vingine pasipo pake.

"Gati," alisema kwa sauti ya chini, "wageni wanataka angalau waione mashine inafanya kazi. Nitainua mkono mimi. Njoo uiwashe tu, utarudi."

Gati hakugeuka. "Toka," akasema.

"Dakika tano, mke wangu. Nitafukuzwa kazi."

"Toka, Hezron, kabla sijakumwagia beseni hili."

Alitazama kile kilichokuwa kwenye beseni, akatoka. Nyayo zake zilisikika zikienda haraka juu ya zulia, na baada ya muda makofi nayo yakaisha.

Mzee Mniko alikuwa bado ameinama. Alipozungumza, alizungumza na sakafu, kama ensoni inavyotaka.

"Nyumbani kwa Hezron sitakula tena."

Gati alilijua neno hilo lingekuja, na bado lilimchoma. Alikuwa amemwona mzee, amemgusa, amemvua heshima mbele ya wageni. Miaka yote ile ya kigoda na kurudi nyuma ilikuwa imekwisha.

"Nimekukosea, baba. Mbuzi nitamleta mimi mwenyewe."

"Mbuzi ni wa Hezron, na atakuja naye kwa miguu mpaka Kiabakari." Akavuta pumzi, maana pamba ilikuwa imefika ndani. "Wewe chakula chako nitakula. Uniletee kwangu. Lakini yeye akikula chakula hicho, mimi sikai."

"Baba, ni mume wangu."

"Ni mtoto wangu," mzee akasema. "Mimi nilimzaa, sina pa kumrudisha. Wewe unaweza kurudi kwenu."

Gati alikunja uso kwa ile harufu, akachovya pamba nyingine, akaendelea kukamua.